Malazi ya bei nafuu Bangkok kwa siku kumi: tufikie Khao San au Pratunam?

Duka la Watoto (Mwanjelwa, Mbeya)

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za watoto hapa Mwanjelwa, na kwa miaka sita nimekuwa nikifuata mzigo Kariakoo. Mwaka huu tumekubaliana na mama yangu mdogo, ambaye naye ana kibanda chake Kabwe, twende wenyewe Bangkok tukaone bei za kule kwa macho yetu. Hatuendi na mtaji wa kontena. Tunakwenda na mtaji wa mabegi, yaani kile ambacho ndege itatubebea pamoja na kilo chache za ziada, na kwa sababu hiyo kila shilingi itakayolala hotelini ni shilingi ambayo haitarudi dukani.

Nimekesha siku kadhaa nikitazama vyumba mtandaoni. Eneo la Khao San ninaona chumba cha watu wawili, chenye feni, kwa baht 500 hivi kwa usiku, ilhali Pratunam, ambako nimeambiwa ndiko yaliko masoko ya nguo, chumba cha namna hiyo chenye kiyoyozi kinaanzia kama baht 800. Nikikadiria baht moja kwa shilingi 80, tofauti ya baht 300 kwa usiku kumi ni shilingi 240,000, na fedha hiyo kwetu ni magauni mengi ya watoto. Je, kuna sababu ya msingi ya kulipa zaidi, au ni jina la mtaa tu? Nimeona pia hosteli zenye vitanda vya dabodeka kwa chini ya baht 400 kwa kitanda, lakini mama mdogo ana umri wa miaka 61, na goti lake la kulia halipendi ngazi. Nikimwambia apande kitanda cha juu atarudi Mbeya kabla ya safari kuanza.

Tumepanga kwenda wiki ya pili ya Aprili, kwa kuwa mvua zinakuwa bado hazijakatika hapa na biashara inalala. Naomba ushauri wa mtu aliyekwisha kulala huko, si wa kusikia.

Kihesa Juu (Iringa)

Kamwene dada. Nimekwenda Bangkok mara tatu kwa shughuli hiyo hiyo ya nguo, na mara ya kwanza nilifanya hesabu kama yako, nikafikia Khao San. Jina lile maana yake ni mchele uliokobolewa, kwa sababu zamani mtaa ulikuwa wa wauza mchele. Leo ni mtaa wa vijana wenye mabegi ya mgongoni, na muziki wa mabaa yao unaendelea hadi usiku wa manane. Chumba nilichopewa kilikuwa ghorofa ya nne katika nyumba isiyo na lifti, ngazi zake nyembamba kiasi kwamba begi lilipita kwa kusimamishwa wima. Nilipofika juu nikiwa hoi kwa jasho nilikwenda moja kwa moja kwenye pazia ili nifungue dirisha, nikavuta, nikakuta ukuta. Pazia lilikuwa limetundikwa pasipo na dirisha. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipia chumba chochote cha kule, nasoma maelezo hadi mwisho nione kama wameandika kwamba kina dirisha na kama nyumba ina lifti, kwa kuwa vyumba visivyo na dirisha ni jambo la kawaida na havihesabiwi kuwa ni udanganyifu. Ndiyo maana vinakuwa rahisi.

Lakini kilichonishinda hasa si chumba, ni safari ya kila siku. Khao San haina kituo cha treni ya mjini. Treni ya juu, ile wanayoiita BTS, iliyoanza mwaka 1999, haifiki huko, na kituo cha karibu zaidi cha treni ya chini ya ardhi ni Sam Yot, ambacho kwa miguu ni mwendo wa kuchosha katika joto lile. Kwa hiyo kila asubuhi nilichukua teksi kwenda Pratunam, na kila jioni nikarudi nayo nikiwa na mifuko miwili ya nguo. Teksi zao zinatumia mita inayoanzia baht 35, nafuu kabisa ukiilinganisha na teksi za kwetu, lakini foleni za mji ule ni foleni kweli, na mita inaendelea kusoma hata gari likiwa limesimama. Nilikuwa nikitumia karibu baht 200 kwenda na kurudi. Sasa chukua chumba chako cha baht 500, ongeza hizo 200, unapata 700. Pratunam ni 800. Tofauti yako ya shilingi 240,000 imebaki 80,000, na hapo sijahesabu saa mbili zinazopotea barabarani kila siku, wala siku utakayosahau kipimo au rangi ikakulazimu kurudi sokoni mara ya pili.

Pratunam unatoka mlangoni kwa miguu. Soko la nje linaanza alfajiri, na jengo la Platinum, ambalo lina kiyoyozi, lifti na ngazi za umeme, liko ng'ambo ya barabara. Humo maduka mengi hukupa bei ya jumla ukichukua vipande vitatu na kuendelea katika duka moja, hata kama vina rangi tofauti. Saa tano unarudi chumbani kuweka mzigo, unakunywa maji, unampumzisha mama mdogo, kisha unatoka tena. Hilo la kurudi kuweka mzigo, mtu asiyefanya biashara ya mabegi hawezi kulielewa thamani yake.

Kuhusu dabodeka, kwa watu wawili haina maana yoyote. Vitanda viwili vya baht 400 ni 800, bei ileile ya chumba chenu wenyewe chenye choo cha ndani na mahali pa kufungia mzigo. Hosteli ni ya mtu anayesafiri peke yake na begi moja.

Mwalimu wa Tukuyu

Nampongeza mchangiaji wa Iringa kwa maelezo yake, ila naona ameuhukumu mtaa mzima kwa kosa la chumba kimoja. Khao San yenyewe ni barabara fupi, na anayelala juu ya baa asilalamike kwamba muziki unasikika. Mimi nililala Banglamphu, eneo hilohilo lakini upande wa pili wa mfereji, katika nyumba ya familia ambapo viatu huachwa mlangoni kama tunavyofanya kwetu, na saa tatu usiku ulikuwa ukisikia mijusi tu darini. Chumba cha feni, choo cha nje, baht 400. Chooni kuna kile kimpira cha maji ukutani, kwa hiyo hata katika hilo mtu wa kwetu hapati tabu.

Nauli pia si lazima iwe ya teksi. Kuna boti za abiria za mfereji wa Saen Saep, ambazo nilipokuwa huko zilianzia gati la Panfa, karibu na kilima chenye hekalu la dhahabu, na kutoka Banglamphu hadi hapo ni mwendo wa robo saa au dakika ishirini kwa miguu. Boti inapita Bo Be, ambako kuna soko la nguo za jumla, kisha inafika Pratunam, ambako abiria wanaoendelea mbele hubadilisha boti. Nauli ni baht zisizofika 20, na foleni ya magari inabaki juu ya daraja ikikutazama. Maji ya mfereji si ya kusifiwa. Boti mbili zinapopishana, abiria wa pembeni huvuta kamba inayoinua turubai la plastiki ili wasirushiwe, na mgeni asiyejua kazi ya ile kamba hujifunza mara moja tu. Mkusanya nauli hutembea nje, kwenye ukingo wa boti, amevaa kofia ngumu, akiinama kila mnapopita chini ya daraja.

Kwa hiyo, dada, hesabu ya Khao San kwa teksi ni kweli haina faida, lakini hesabu ya Banglamphu kwa boti inalipa. Uzingatie tu kwamba boti huacha kazi mapema jioni, hasa mwisho wa juma.

Kihesa Juu (Iringa)

Mwalimu, boti naijua na ninaipenda, lakini umesoma habari ya goti? Ile boti haifungwi gatini kama kivuko. Inagusa, watu wanaruka, inaondoka. Ukingo wake uko juu, na unaingia kwa kukanyaga ukingo kisha kushuka ndani, huku maji yakiipandisha na kuishusha. Mama wa miaka 61 mwenye mfuko wa nguo mkononi simpeleki huko.

Mwalimu wa Tukuyu

Hilo nimelikubali. Goti lilinipita.

Duka la Watoto (Mwanjelwa, Mbeya)

Nawashukuru sana, kaka zangu. Nimeelewa kwamba nilikuwa nahesabu bei ya kitanda peke yake. Naomba kuuliza mambo mengine matatu. Kwanza, kuna vyumba vinavyotangazwa kwa siku ndani ya majengo ya kupangisha, vyenye jiko na mashine ya kufulia, kwa baht 700 tu karibu na Pratunam, mbona havitajwi? Pili, mama mdogo ni Msabato na hali nguruwe, na nasikia kule nguruwe iko kila mahali. Tatu, fedha tubebeje?

Mchimbaji Mstaafu (Makambako)

Shikamoo nimpe mama mdogo, kwako salamu, binti yangu. Mimi sikwenda kwa nguo, nilikwenda kwa mawe. Miaka ile niliyokuwa nikifanya biashara ya vito vya Tunduru nililala Bangkok mara nyingi, upande wa Silom, karibu na barabara ya Mahesak ambako madalali wa mawe hukaa, kwa hiyo masoko ya nguo siyajui vizuri. Malazi nayajua.

Hivyo vyumba vya majengo ya kupangisha uviache. Sheria ya Hoteli ya Thailand ya mwaka 2004 kwa kawaida hairuhusu mtu kupangisha chumba kwa muda wa chini ya siku 30 bila leseni ya hoteli, na majengo mengi yamebandika tangazo hilo mapokezi na ndani ya lifti. Dalili yake ni rahisi: mwenye chumba akikuandikia kwamba ufunguo umeachwa mahali fulani, na kwamba mlinzi akikuuliza useme wewe ni rafiki yake, basi ujue anakuingiza katika jambo ambalo yeye hatakuwepo likianza. Mimi niliwahi kusimamishwa mapokezi saa nne usiku na mabegi yangu kwa sababu ya chumba cha namna hiyo. Mwenye chumba hakupokea simu, na fedha yangu ilichukua wiki tatu kurudi. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba halali anatakiwa kuripoti mgeni wa nje kwa uhamiaji ndani ya saa 24, na hoteli au gesti yenye leseni hulifanya hilo yenyewe kwa kunakili pasipoti yako. Vyumba vya kupangisha kwa mwezi ni vizuri na ni nafuu sana, ila vinataka dipoziti, na umeme unalipia kwa uniti. Kwa siku kumi si vyako.

Mambo mengine ya gesti uyajue kabla. Bei unayoiona mtandaoni wakati mwingine haijajumuisha kodi ya asilimia 7 na huduma ya asilimia 10, kwa hiyo chumba cha 800 kinaweza kukufikia karibu 940. Fungua ukurasa hadi mwisho wa malipo ndipo ulinganishe. Ukifika, wengi hudai dipoziti ya fedha taslimu, baht 500 au 1,000, na huirudisha siku ya kuondoka. Itunze ile risiti, na usishangae ukikuta mwaka ulioandikwa ni 2568 au zaidi, kwa sababu kalenda yao imeitangulia yetu kwa miaka 543. Lipia usiku mitatu kwanza, si kumi. Chumba kikiwa kizuri, uliza mapokezi bei ya usiku saba uliobaki. Mara nyingi wanapunguza kidogo, na kikiwa kibaya umenusurika. Mwombe chumba cha ghorofa ya chini hata kama kuna lifti, maana lifti huharibika.

Mtakapotua Suvarnabhumi kuna treni ya uwanja wa ndege inayoingia mjini kwa nauli isiyozidi baht 45, na kituo chake cha Ratchaprarop ndicho cha karibu na Pratunam. Wewe peke yako ningekuambia upande hiyo. Kwa goti na mabegi, chukueni teksi rasmi ya pale uwanjani: mita, baht 50 za ziada za uwanja, na tozo za barabara ya juu ambazo abiria ndiye hulipa. Mkigawana wawili si mzigo. Bajaji zao zinavutia macho lakini hazina mita, na dereva akikuambia kwamba kasri la mfalme limefungwa leo, bora akupeleke kwanza kwenye duka la vito lenye punguzo maalumu, shuka. Huwa nacheka nikikumbuka, kwa sababu inawezekana kabisa mtu wa Mbeya akauziwa kule, kwa bei ya kuumiza, jiwe lililotoka Tunduru.

Kuhusu chakula, kutoka Pratunam nendeni barabara ya Phetchaburi, kichochoro cha 7, ambacho wao hukiita soi. Kuna msikiti wa Darul Aman, na kuuzunguka kuna mamantilie wa Kiislamu wanaouza wali wa kuku, supu na nyama choma. Mama mdogo atakula bila kuuliza swali. Sahani ya wali mtaani kwa kawaida ni baht 50 hadi 70.

Fedha: bebeni dola za noti za 100, mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa, kwa kuwa noti ndogo hupewa bei ya chini. Shilingi zetu hazina mteja kule. Maduka ya kubadilishia yaliyo upande wa barabara ya Ratchadamri, ng'ambo ya mfereji kutoka Pratunam, hutoa bei nzuri kuliko kaunta za benki za uwanjani, na watakudai pasipoti halisi, si nakala. Mashine za benki ziwe za dharura tu, maana kila ukitoa fedha kwa kadi ya nje unakatwa zaidi ya baht 200, na benki yako nayo hapa nyumbani inakata ya kwake.

Kihesa Juu (Iringa)

Mzee amemaliza, nami naongeza la tarehe tu, ambalo naona sote tumelipita. Dada, usiende wiki ya pili ya Aprili. Tarehe 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao wa jadi, na kwa siku hizo wenye maduka wengi hufunga na kurudi mikoani kwao, huku mitaani watu wakimwagiana maji kuanzia asubuhi. Vyumba navyo hupanda bei. Isitoshe Aprili ndio mwezi wa joto kali kuliko yote, na mtu aliyezoea baridi ya Uyole atauona mji ule kama jiko la mkaa lililofunikwa. Juni ni msimu wao wa mvua, lakini mara nyingi mvua hushuka mchana au jioni kwa saa moja au mbili kisha hukatika, na bei za vyumba zinakuwa zimeshuka. Mimi mara zote mbili za mwisho nilikwenda Juni, na chumba cha kiyoyozi nilikipata kwa baht 700.

Karatasi ziwahini. Viza huombwa mtandaoni, na wanataka kuona mahali mtakapolala, hivyo chagueni chumba kinachoruhusu kufuta bila gharama. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Tanzania, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Kisha, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, mnajaza fomu ya kuingia nchini kwa mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2025. Humo pia anwani ya gesti inahitajika. Fomu hiyo ni bure. Tovuti inayokudai fedha si ya serikali.

Duka la Watoto (Mwanjelwa, Mbeya)

Nimewasomea mama mdogo majibu yote kwa sauti, dukani kwake, na jirani wawili wakasogeza viti. Tumehamishia safari Juni. Jana usiku nimepata gesti upande wa Ratchaprarop, ina lifti, wameandika kwamba chumba kina dirisha, na baada ya kodi zote ni baht 790. Nimeshika usiku mitatu, kama mzee alivyoelekeza. Mama mdogo amekubali kila kitu isipokuwa kimoja: anasema Juni hapa Mbeya ni mwezi wa baridi, hawezi kutoka nyumbani bila sweta na shuka lake la kujitanda, na mimi namwambia ni kilo mbili tunazipoteza bure.

Kihesa Juu (Iringa)

Mwache abebe sweta. Kiyoyozi cha Platinum mchana kutwa kitamfanya akushukuru. Shuka aache.